Meli Iliyonilipia Ada

Sisi tukaao juu ya uwanda wa Ufipa tu mbali sana na bahari. Kutoka Sumbawanga mpaka Mtwara ni safari ya siku mbili na zaidi kwa basi, na wengi wetu meli tuijuayo ni Liemba ya Ziwa Tanganyika, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na kuanza kazi tena mwaka 1927. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa Jiografia huona ajabu niwaambiapo kwamba ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ililipwa na meli ya Bahari ya Hindi. Tena meli ambayo haikuchukua abiria, wala haikuvua samaki, wala haikwenda nchi yoyote ya ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kutoka gatini Mtwara, kwenda katikati ya bahari, kushusha mzigo wake huko, na kurudi. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari hiyo, nami naiandika kwa furaha, kwa sababu ndani yake mna jambo liwafaalo vijana wa mkoa huu pamoja na wazazi wao.

Kwanza yatupasa kujua mambo yalivyokuwa. Gesi ya nchi yetu iligunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, karibu na Mtwara, mwaka 1982. Gesi hiyo i karibu na pwani. Lakini tangu mwaka 2010 makampuni ya kigeni yalianza kupata gesi mahali pengine kabisa, yaani chini ya bahari kuu, mahali ambapo mtu haoni nchi kavu, na ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 1,000, na kwingine hupita hata mita 2,500. Visima vya upande mmoja vilipewa majina ya viumbe vya baharini: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Mzia na Papa. Vya upande wa pili vikapewa majina ya viungo: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Mtu asiyejua angedhani anasoma karatasi ya mpishi wa Unguja aendaye sokoni. Gesi yote iliyogunduliwa nchini yakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, na sehemu yake kubwa imo katika bahari hiyo ya kina.

Watu wengi wasikiapo habari hizi huwaza kisima tu. Husema, "Kisima kimepatikana, sasa tutatajirika." Lakini kisima cha baharini hakichimbwi na mtu aliyesimama kando yake na sururu. Huchimbwa na meli kubwa ya kuchimbia, ambayo ndani yake hula na kulala watu 150 au zaidi. Meli hiyo haiwezi kutia nanga, maana kina ni kirefu mno. Hukaa mahali pake kwa nguvu ya mapangaboi yake, yanayoongozwa na mashine zipokeazo habari kutoka satelaiti. Huko iliko haina duka, haina ghala, wala haina mto. Kila itakachotumia lazima kiletwe: mabomba ya chuma ya kuingizwa kisimani, saruji ya kuyashikiza mabomba hayo, dizeli, maji ya kunywa, nyama, viazi, sabuni, na tope.

Msishangae kusikia kwamba hata tope husafirishwa kwa meli. Tope hili hutengenezwa kwa udongo maalumu na madini mazito yaliyosagwa. Husukumwa chini kwa pampu, hupoza keekee, hupandisha juu vipande vya mwamba uliochimbwa, na kwa uzito wake huizuia gesi isifumuke kwa ghafula. Kisima kikikosa tope, kazi husimama, na watu wote walio juu yake wamo hatarini.

Basi, meli zinazoleta vitu hivyo ndizo meli za huduma. Zina umbo lake zenyewe. Chumba cha nahodha na vyumba vya mabaharia viko mbele kabisa, na nyuma yote ni sitaha ndefu, tambarare, iliyo wazi kama lori lisilo na bodi. Mabomba na makontena hupangwa juu ya sitaha. Tope, saruji, mafuta na maji hukaa katika matangi yaliyo chini yake. Umbo hili lilianza katika Ghuba ya Meksiko, huko Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Kabla ya hapo, tangu kisima cha kwanza kilichochimbwa mbali na macho ya watu wa nchi kavu mwaka 1947, wachimbaji walitumia vyombo vilivyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Meli ya huduma ikifika kwenye meli ya kuchimbia haifungwi kwa kamba. Husimama kando yake kwa nguvu ya injini, mawimbi yakiinyanyua na kuishusha, huku kreni ikichukua mzigo mmoja mmoja. Wala hairudi mikono mitupu. Hurudi na takataka, vyombo vilivyoharibika na matangi matupu. Nyingine hazichukui mzigo wowote, ila kuzunguka tu karibu na wachimbaji, tayari kuwaokoa watu kama ajali ikitokea.

Sasa nitaeleza jinsi ndugu yangu alivyofika huko. Kaka yangu alipomaliza kidato cha nne alifanya kazi ya kupakia malori ya mahindi hapa Sumbawanga mjini. Alisifiwa sana kwa kufunga kamba na maturubai. Lori alilolifunga yeye lilikwenda Tunduma kwa barabara ile ya zamani yenye mashimo, lisidondoshe hata gunia moja. Mwaka 2012 dereva mmoja alimpasha habari kwamba Mtwara watafutwa watu wa kufunga mizigo ya meli za gesi. Baba akauza ng'ombe wawili, ikapatikana nauli pamoja na gharama ya mafunzo mafupi ya usalama kazini. Mama hakulipenda shauri lile. Aliuliza, "Mtoto wa huku mlimani atafanya nini baharini?" Lakini kaka akaenda. Alipitia Dar es Salaam, akavuka mto Rufiji, akapita kipande cha Ndundu hadi Somanga ambacho wakati ule kilikuwa hakijakwisha kutiwa lami, akafika Mtwara siku ya nne, vumbi limemjaa hata masikioni.

Alianza kwa ukibarua wa gatini. Baada ya miezi sita akafanywa mfungaji wa mizigo na mpiga ishara, yaani mtu asimamaye chini na kumwongoza kwa mikono mwendesha kreni aliye juu. Mshahara wake ukawa mara tatu ya ule aliokuwa akipata kwenye malori. Kila muhula alinitumia ada na nauli kwa simu. Alimlipia pia dada yetu mwaka wa kwanza wa masomo ya uuguzi. Nyumbani kijijini, bati za nyumba ya Baba zilinunuliwa kwa fedha hiyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza faida ya meli hizo ni nini, simjibu kwa vitabu kwanza. Humwonyesha bati.

Mwezi Juni mwaka 2014, baada ya mtihani wangu wa kidato cha sita, kaka alinialika nikamtembelee. Wageni hawaruhusiwi kuingia gatini ovyo, lakini kutoka ufukwe wa Shangani mtu huona vizuri meli zikipita katika mlango wa bandari. Jioni tulikaa hapo, naye akanichorea mchangani jinsi sitaha inavyopangwa: kitakachohitajiwa kwanza huko baharini hupakiwa mwisho, na kizito huwekwa katikati. Nikamwambia kwamba meli yenyewe ni kubwa kweli. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, usiitazame meli kwa ukubwa wake. Tazama mnyororo ulioshika bomba. Huo ukilegea, hapa atakufa mtu, na kule watu mia wakae bure wakingoja."

Maneno yale ya kungoja yalinifanya nipige hesabu, nami ningependa wanafunzi wetu waipige pamoja nami. Katika miaka ile, kukodi meli moja ya kuchimbia katika maji ya kina kuligharimu zaidi ya dola 500,000 kwa siku. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 800. Tukikadiria gunia la mahindi kwa shilingi 50,000, ni sawasawa na magunia 16,000 kwa siku moja. Gawanya kwa saa 24, utaona kwamba kila saa ilikula zaidi ya dola 20,000, kazi ifanyike isifanyike. Mabomba yakichelewa saa sita tu, zaidi ya dola 120,000 zimekwenda na maji. Kukodi meli ya huduma kwa siku kulikuwa rahisi mno ukilinganisha na hasara hiyo. Ndiyo maana kampuni moja ya uchimbaji haikutosheka na meli moja ya huduma, bali iliweka kadhaa: moja ikipakia gatini, moja iko njiani, na moja ikingoja kando ya kisima. Na ndiyo maana walimlipa vizuri Mfipa aliyejua kufunga mnyororo usilegee.

Fedha hiyo haikuishia gatini. Meli ilihitaji maji, na maji yalihitaji malori. Mabaharia walihitaji kufuliwa nguo. Wahandisi walihitaji nyumba, na mafundi wakapata kazi ya kujenga nyumba. Mama ntilie aliyekuwa akipika kilo tano za mchele akapika ishirini. Lakini si yote yaliyokuwa mema. Kodi za nyumba zilipanda hata mwalimu na muuguzi wakashindwa kuzilipa, wakahamia mbali na mji. Chakula cha melini kilifika ndani ya makontena kutoka mbali, kwa sababu mpishi wa meli alitaka viazi vya ukubwa mmoja, kila wiki, kwa idadi ile ile, na wakulima wa karibu hawakuwa na chama wala ghala la kuwawezesha kuahidi hivyo. Niliposikia hayo nilikumbuka viazi na maharage yetu ya Ufipa, nikaona kwamba kuwa na mazao ni jambo moja, na kuwa na mazao siku iliyoagizwa ni jambo jingine. Hata wenyeji wa Mtwara waliuliza ni nini kitakachobaki kwao. Mwaka 2013, mwezi Januari na tena mwezi Mei, palitokea fujo kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Bomba hilo likazinduliwa mwaka 2015.

Msomaji wa Ufipa asidhani kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Zamani babu zetu walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, na mabaki yake bado yaonekana katika vijiji vyetu. Tunapowasimulia watoto habari hizi humtaja fundi peke yake, aliyejua dawa na siri za tanuri. Lakini fundi angefanya nini bila wachimba udongo wenye chuma, wakata miti, wachoma makaa, na wanawake waliopika pombe na chakula cha kambi? Jembe moja lililotoka tanurini lililisha nyumba nyingi kabla halijagusa shamba. Wale wachukuzi wa makaa ndio meli za huduma za siku zile. Kisha majembe ya bei rahisi yakaja kutoka Ulaya. Tanuri lilipopoa, hakupoa fundi tu. Mchoma makaa naye alirudi nyumbani siku ile ile.

Na ndivyo ilivyokuwa Mtwara. Katikati ya mwaka 2014, nilipokuwa nimekaa mchangani na kaka, pipa moja la mafuta liliuzwa duniani kwa zaidi ya dola 100. Mwezi Januari 2015 liliuzwa chini ya dola 50, na mwanzoni mwa mwaka 2016 likashuka chini ya dola 30. Mtu aweza kuuliza, "Gesi ya Mtwara inahusikaje na bei ya mafuta?" Inahusika kwa njia mbili. Kwanza, gesi ya baharini ilikusudiwa kugeuzwa iwe kimiminika na kuuzwa ng'ambo, na bei ya gesi ya namna hiyo mara nyingi hufuata bei ya mafuta. Pili, kampuni ikipungukiwa fedha, hukata kwanza kazi ya kutafuta, kwa sababu kisima kisichoanza kutoa gesi ni gharama tupu. Meli za kuchimbia zikaondoka moja baada ya nyingine. Meli ya kuchimbia ikiondoka, meli za huduma hazina wa kumhudumia. Nazo zikaondoka.

Kaka aliachishwa kazi mwaka 2015. Mwajiri wake, ambaye simtaji, alichelewesha mshahara wake wa mwisho kwa miezi mitatu. Dada yetu alikuwa ameingia mwaka wa pili wa uuguzi, na ada haikupatikana. Alikaa nyumbani mwaka mzima akilima maharage, mpaka Baba alipouza mahindi ya misimu miwili. Nyumba nyingi zilizojengwa Mtwara kwa matumaini ya wapangaji zilibaki tupu. Kaka alipokuwa akifunga mizigo yake mwenyewe ili arudi, bibi mwenye nyumba, mama mmoja wa Kimakonde aliyemtendea mema sana, hakumlaumu mtu. Alimwambia tu, "Mwanangu, maji yakijaa hupwa. Mvuvi ni yule aliyejua hivyo kabla hayajapwa."

Mama yule alijua alisemalo, maana bandari ya Mtwara yenyewe ilizaliwa kwa matumaini ya namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ilikuwa sehemu yake moja. Bandari ya maji ya kina ikaanza kujengwa Mtwara, na reli ikajengwa kwenda bara. Mpango wa karanga ukaachwa mwaka 1951. Gati likafunguliwa mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa hazipo. Reli ikafungwa mwaka 1962. Lakini gati lilibaki, na kina cha maji kilibaki. Korosho za kusini zimepita hapo, na meli za gesi zilipokuja zililikuta gati tayari. Kwa hiyo mpango ulioshindwa uliacha kitu, na kitu hicho kikatumiwa na waliokuja baadaye kwa kazi ambayo wajenzi wake hawakuiwaza.

Wala msidhani ni sisi maskini tu tuliopatwa na hayo. Huko Norwei, katika pwani ya magharibi, jamaa za wavuvi wa samaki waliingia katika kazi ya meli za huduma tangu miaka ya 1970. Walijenga meli, waliziongoza, wakatajirika nazo. Hata hao, bei iliposhuka, walizifunga meli zao kwa makumi katika vihori vya bahari, zikakaa bila kazi. Kampuni kubwa ya Kimarekani iitwayo Tidewater, iliyokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii, ililazimika mwaka 2017 kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Tofauti ni kwamba Wanorwei walibaki na viwanda vya kujengea meli, vyuo, na manahodha. Meli ililala, lakini ujuzi haukulala.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema. Meli ya huduma ni mlango mmoja ambao utajiri wa kisima hupitia ili umfikie mtu wa kawaida. Gesi yenyewe hupita katika bomba, na fedha yake hupita katika mikataba na hazina ya serikali. Lakini mshahara wa mfungaji mizigo, fedha ya mama ntilie, ada ya shule na bati la nyumba hupita gatini. Tena mlango huo hufungwa upesi kuliko mingine. Mtu mwenye busara akiukuta wazi hupita na kuchukua kile ambacho meli haiwezi kuondoka nacho.

Kaka yangu alichukua ujuzi. Aliporudi hakurudi kwenye malori. Barabara ya Sumbawanga kwenda Matai hadi Kasanga ilipojengwa kwa lami, na bandari ya Kasanga ikatengenezwa, saruji na mahindi yalianza kupita huko kwa wingi kwenda Kongo. Leo kaka husimamia kikundi cha wapakiaji huko Kasanga. Huwafundisha vijana kupanga mzigo kwa utaratibu ule ule alionichorea mchangani: kizito katikati, kitakachoshuka kwanza kipakiwe mwisho, na mtu asisimame kamwe chini ya mzigo uliotundikwa. Wenye mashua walimcheka mwanzoni, alipokataa kupakia mashua iliyojaa kupita kiasi. Sasa humtafuta. Mapato yake si kama yale ya Mtwara, lakini hayategemei bei ya pipa la mafuta. Dada yetu alimaliza masomo yake, naye ni muuguzi katika zahanati.

Nimeandika haya kwa sababu maswali yanayohusu kazi hizi yatarudi, na mengine yanakuja karibu na mlango wetu. Mwaka 2021 kampuni ya Equinor iliandika katika hesabu zake upungufu wa thamani wa dola milioni 982 kwa ajili ya mradi wa gesi ya Tanzania. Hata hivyo, mwezi Juni 2022 serikali yetu na makampuni walitia sahihi mkataba wa awali juu ya kiwanda cha kugeuza gesi iwe kimiminika, ambacho mahali pake ni Lindi. Siku kiwanda hicho kitakapojengwa, meli za huduma zitarudi Mtwara na Lindi. Huku kwetu nako, katika bonde la Ziwa Rukwa, palichimbwa visima viwili mwaka 1987, Ivuna na Galula, katika kutafuta mafuta, nayo hayakupatikana. Lakini mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba bonde hilo lina gesi ya heli, itumikayo katika mashine za hospitali na viwandani, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula, upande wa Songwe, kilitoa gesi hiyo. Tayari nasikia vijana wakisema wataacha shule waende huko.

Mimi siwakatazi vijana kwenda. Kaka yangu alikwenda, nami nilisoma kwa sababu alikwenda. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 yataka makampuni yatangulize watu na bidhaa za nchi hii, lakini sheria haiwezi kumpa kazi ya kuchomelea mtu asiyejua kuchomelea, wala kununua viazi kwa kikundi kisichokuwapo. Yuko mwanafunzi apendaye bahari: Chuo cha Bahari kipo Dar es Salaam, nacho kinataka Hisabati na Fizikia zilezile mnazozikimbia siku ya Jumatatu asubuhi. Yuko apendaye vyuma: ajifunze VETA kuchomelea, umeme au mitambo. Yuko apendaye kilimo: ajue kwamba meli, mgodi na hospitali hununua chakula kwa mkataba, na mkataba humtaka mkulima mwenye daftari, mizani na wenzake.

Nanyi wazazi, siku mtoto atakapokuja kuwaomba mwuze ng'ombe ili aende kwenye mradi wa mbali, msimkatalie kwa hofu, wala msimkubalie kwa haraka. Mwulizeni maneno mawili tu: Kazi hiyo itakufundisha nini? Na siku watakapoondoka, utakifanyia kazi wapi ulichojifunza? Akiwa na majibu, mpeni baraka, na ng'ombe auzwe.